Mrithi wa Japani Yupo. Mke Wake Atatoka Wapi?

Tarehe 6 Septemba 2025, siku aliyotimiza miaka 19, Mwanamfalme Hisahito wa Japani alivishwa kofia nyeusi ya kale ndani ya kasri la Tokyo. Kamba nyeupe za kofia ile zilifungwa chini ya kidevu chake, kisha ncha zake zikakatwa kwa mkasi, na kwa mlio ule mdogo wa mkasi kijana akahesabiwa mtu mzima. Ilikuwa imepita miaka 40 tangu mwanamume mwingine wa ukoo huo apite kwenye hatua hiyo, naye alikuwa baba yake mzazi. Tangu siku ile mjadala wa kiti cha Japani umerudi kwa kishindo: familia inapungua, Bunge limekuwa likivutana bila kuafikiana, na sheria bado inamkatalia mwanamke kurithi. Waziri mkuu wa kwanza mwanamke katika historia ya nchi hiyo, Sanae Takaichi, aliyeshika madaraka Oktoba 2025, naye yuko upande wa wanaotaka kiti kibaki kwa wanaume wa nasaba ya kiume.

Huku kwetu habari hii imepokewa kama kisa cha nchi ya treni za kasi iliyokwama kwenye mfumo dume, na mazungumzo yote yameishia kwenye swali moja: kwa nini Binti Mfalme Aiko, mtoto wa pekee wa Mfalme Naruhito, asirithi? Ni swali la haki, na mimi naona angestahili kurithi. Japani imewahi kutawaliwa na wanawake wanane, na kura za maoni zimeonyesha mara kwa mara kwamba Wajapani wengi hawana tatizo na jambo hilo. Lakini swali hilo limefunika jingine lililo zito zaidi. Kiti kina mrithi, tena kijana, yuko Chuo Kikuu cha Tsukuba anasoma baiolojia. Ambacho hakina ni mwanamke atakayekubali kuingia mlango ule akiwa mke wake. Akikosekana huyo, ukoo unakomea kwa Hisahito, na hakuna kifungu cha sheria kitakachouokoa. Ninachosema ni kwamba ufalme wa Japani unamalizwa na bei unayomtoza mwanamke anayeolewa humo, na kwamba bei hiyo taifa zima liliiona ikilipwa, mwaka baada ya mwaka, katika maisha ya Malkia Masako, mke wa Naruhito.

Kwanza tuielewe bei yenyewe, maana watu hudhani ni suala la adabu za kasri na kutembea hatua mbili nyuma ya mume. Sheria ya Kaya ya Kifalme ya mwaka 1947 inasema ndoa ya mwanamume wa ukoo huo lazima ipitishwe na baraza la watu kumi linaloongozwa na waziri mkuu, wakiwamo maspika na jaji mkuu. Bibi harusi akishapitishwa na ndoa ikifungwa, jina lake linafutwa kwenye daftari la familia ya wazazi wake, lile daftari ambalo kila Mjapani anaandikwa akizaliwa, na linaandikwa kwenye kitabu cha nasaba ya kifalme. Kuanzia hapo hana jina la ukoo. Hapigi kura. Mali ya kaya ya kifalme ni ya dola, na zawadi kubwa haiwezi kutolewa wala kupokewa bila idhini ya Bunge. Kwa upande wa pili, binti wa kifalme akiolewa na raia wa kawaida anatoka moja kwa moja, kama alivyotoka Mako, dada yake Hisahito, Oktoba 2021, akakataa hata fedha za kuagwa ambazo sheria ilimpa. Kwa hiyo mabinti wanatoka kila wanapoolewa, na wanaoingia ni wake tu. Leo waliobaki ni watu 16, wanaume watano. Warithi halali ni watatu: baba yake Hisahito, Hisahito mwenyewe, na mzee aliyezaliwa mwaka 1935.

Sasa mtazame mwanamke aliyeingia. Masako Owada alizaliwa Desemba 1963, binti wa mwanadiplomasia ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Alikua kati ya Moscow, New York na Tokyo, akamaliza sekondari Massachusetts, akahitimu uchumi Harvard mwaka 1985. Aliporudi nyumbani aliingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Tokyo, na kabla hajamaliza masomo akafaulu mtihani wa kuingia Wizara ya Mambo ya Nje, mtihani unaowaangusha wengi mno kuliko unaowapitisha. Alianza kazi Aprili 1987. Tarehe hiyo ina maana yake, kwa sababu sheria ya fursa sawa za ajira ilikuwa imeanza kutumika Japani mwaka mmoja tu kabla. Hadi wakati huo msichana wa ofisini alitazamiwa kuandaa chai, kunakili karatasi, na kuaga akipata mchumba. Masako alikuwa wa kundi la kwanza lililoambiwa na dola yenyewe kwamba mambo yamebadilika. Wizara ikamsomesha Oxford, akarudi akapangiwa kitengo cha Amerika Kaskazini, kwenye kile kipindi ambacho Japani na Marekani zilikuwa zikishikana mashati kila mwaka juu ya biashara.

Alikutana na Mwanamfalme Naruhito mwaka 1986 kwenye hafla ya kumkaribisha binti mfalme wa Hispania. Naruhito alimpenda. Masako alikataa kuolewa, na hakukataa mara moja. Alikubali Desemba 1992, akiwa na miaka 29, baada ya Naruhito kumwahidi kwamba atamlinda kwa nguvu zake zote maisha yake yote. Mbele ya waandishi wa habari, Januari 1993, alisema wazi kwamba kuacha kazi aliyoipenda hakukukosa huzuni, ila aliona sasa wajibu wake ni kuwa wa manufaa katika njia hiyo mpya. Ahadi iliyozunguka hewani wakati ule, na ambayo magazeti yaliirudia sana, ilikuwa kwamba hatupi ujuzi wake: mwanadiplomasia wa wizara atakuwa mwanadiplomasia wa kasri, tena mwenye mlango mpana zaidi. Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1993. Ziara zao za kwanza zilikuwa Ghuba, Saudi Arabia, Oman, Qatar na Bahrain, Novemba 1994, na nyingine Januari 1995 ambayo walilazimika kuikatiza kwa sababu ya tetemeko la Kobe.

Halafu mlango ukafungwa. Kasri lilitaka mtoto, na lilimtaka wa kiume. Tangu Novemba 1965 hakuwa amezaliwa mwanamume katika ukoo ule. Ziara ya kirafiki iliyofuata ilikuwa Desemba 2002, New Zealand na Australia, na kabla ya kuondoka Masako alikiri hadharani kwamba ilimgharimu juhudi kubwa kuzoea maisha yasiyo na safari za nje. Kati ya hapo alipoteza ujauzito mmoja, Desemba 1999, huku vyombo vya habari vikiwa vimekwisha kuutangaza, na Desemba 2001 akajifungua Aiko. Mahali pengine pote pale pangekuwa na shangwe isiyo na swali. Mwaka 2003 mkuu wa idara inayosimamia kasri alitamka mbele ya waandishi kwamba anatamani apatikane mtoto mwingine. Fikiria mwenyewe ofisa wa serikali anayetoa kauli juu ya tumbo la mwanamke aliyetimu miaka 39, mwanamke ambaye miaka kumi kabla alikuwa mezani na Wamarekani akijadiliana nao kwa lugha yao. Mwisho wa mwaka huohuo alipatwa na mkanda wa jeshi, akaacha shughuli zote. Mei 2004 Naruhito alifanya jambo ambalo mrithi wa kiti kile halifanyi: aliwaambia waandishi kwamba mke wake amechoka kabisa, na kwamba kulikuwa na mambo yaliyofanywa ya kukana taaluma yake na utu wake. Julai, kasri likatangaza kuwa ana maradhi ya akili yanayotokana na kushindwa kuhimili mazingira anamoishi. Mwaka 2005 jopo la serikali lilipendekeza wanawake warithi. Februari 2006 zikaja habari kwamba shemeji yake ni mjamzito, muswada ukawekwa kabatini, na Septemba akazaliwa Hisahito. Masako hakuonekana tena kwenye safari rasmi ya nje mpaka mwaka 2013, zaidi ya miaka kumi baada ya ile ya Desemba 2002.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja, na nyingine ni nzito. Wanasema ufalme ni utumishi, na kila utumishi wa juu humnyima mtu sehemu ya uhuru wake. Jaji haruhusiwi kujiunga na chama, askari haendi anakotaka, na mwanadiplomasia mwenyewe hutumwa kuliko kuchagua. Wanaongeza kwamba familia inayolishwa na kodi, na ambayo mkuu wake katiba inamwita alama ya umoja wa taifa, haiwezi kuwa na mke anayefanya kazi benki au wizarani, kwa sababu kila uamuzi wa ofisi ile utatiliwa shaka. Hili nalikubali. Nalikubali pia kwamba mwanaume huyaona hayohayo. Philip wa Uingereza alikuwa ofisa wa jeshi la majini mwenye safari ndefu mbele yake, akaiacha mwaka 1951, na hakurudi melini kama mwanajeshi wa kazi. Kwa hiyo sisemi kwamba Masako angebaki wizarani. Hakuna ufalme wa siku hizi ambao ungeliruhusu jambo hilo kirahisi.

Ila hoja inayosikika zaidi ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote: kwamba alijua anakokwenda. Aliona, wanasema, yaliyompata mama mkwe wake, Michiko, mwanamke wa kwanza asiye wa nasaba kuolewa na mrithi wa kiti, mwaka 1959, aliyeandamwa na watu wa kasri mpaka afya ikamwangusha, na ambaye Oktoba 1993, miezi minne baada ya harusi ya Masako, alianguka akapoteza sauti kwa miezi. Mbona alikubali? Hoja hii inageuza mkataba juu chini. Masako alikubali kitu kimoja akapewa kingine. Aliambiwa atatumika, na hakutumika. Mtu akikubali kuacha kazi moja kwa ajili ya nyingine, kisha ile ya pili ikafutwa siku ya kuripoti, hatuwezi kumwambia alijua. Mwaka mmoja nilikaa kwenye kicheni pati ya binamu yangu, mkaguzi wa hesabu, aliyekuwa anaolewa kwenye familia yenye uwezo mkubwa. Hakuna aliyemwambia aache kazi. Wakina mama walimuuliza tu, mmoja baada ya mwingine, kwa upole na kwa mapenzi ya kweli: kazi ya nini tena, mwanangu? Hadi jioni ile inakwisha, alikuwa ameshika kitambaa cha meza anakikunjakunja pembe, na swali lilikuwa limegeuka jibu. Nimelikumbuka kila ninapomsikia mtu akisema mwanamke alichagua mwenyewe.

Kuna na wale wa upande wa pili, wanaosema Masako aliwasaliti wanawake wa kizazi chake. Siwaelewi. Mtu aliyekataa kwa miaka, akakubali kwa ahadi ya kuendelea kutumika, na akaumwa kwa sababu ahadi ile haikutimizwa, amemsaliti nani?

Kwamba mambo yangeweza kuwa vingine, tunao ushahidi kutoka falme nyingine. Máxima wa Argentina alisoma uchumi, alikuwa akifanya kazi benki New York kabla ya kuolewa Uholanzi mwaka 2002. Mwaka 2009 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alimteua mtetezi maalumu wa kutaka huduma za fedha ziwafikie watu wasiokuwa nazo, yaani alirudishiwa fani yake kwa mlango mwingine, na taji halikupungua hata chembe. Jirani zetu Buganda wana mfano wa karibu zaidi. Sylvia Nagginda alikuwa amesoma na kufanya kazi Marekani kwa miaka mingi alipofunga ndoa na Kabaka Ronald Mutebi katika kanisa kuu la Namirembe, Agosti 1999. Mwaka uliofuata alikuwa na taasisi yenye jina la cheo chake, Nnabagereka, yaani malkia wa Buganda, na tangu 2007 kambi yake ya Ekisaakaate hukusanya watoto wakati wa likizo kufundishwa adabu, lugha na stadi za maisha. Sidai kwamba Nnabagereka ana uhuru wote. Nasema kwamba aliingia kasrini na kichwa chake, na kasri likaona faida ya kichwa hicho. Kinyume chake ni Henrik wa Denmark, mwanadiplomasia kama Masako, aliyeacha ubalozi wa Ufaransa jijini London, akabadili jina, dhehebu na uraia ili amwoe Margrethe mwaka 1967. Nusu karne baadaye, mwaka 2017, alitangaza kwamba hatazikwa kando ya mke wake, kwa uchungu wa kutokupewa cheo alichoona ni haki yake. Alikuwa mwanamume, alikuwa Ulaya, alikuwa na kila starehe. Uchungu ulikuwa uleule wa mtu aliyetoa kitu kamili akapewa nafasi ya kusimama pembeni.

Hapo ndipo mapendekezo yaliyoko mezani Tokyo yananishangaza. Jopo la serikali la Desemba 2021 lilitoa njia mbili kuu: mabinti wa kifalme wabaki kwenye ukoo hata wakiolewa na raia, au wanaume wa matawi 11 yaliyoondolewa kwenye ukoo mwaka 1947 warudishwe kwa kuasiliwa. Magazeti yamejaa ugomvi wa nasaba. Tazama lakini sharti lililofungwa kwenye njia ya kwanza: mume wa binti huyo na watoto wao watabaki raia wa kawaida, wakiwa na haki na wajibu wote wa raia. Maana yake, Aiko akiolewa kesho, mume wake atabaki na jina la baba yake, na kura yake, na pasipoti yake, na kwa lolote ninaloliona kwenye maandishi yale, na kazi yake. Atatoka asubuhi kwenda ofisini, arudi jioni kwa mke ambaye ni wa kasri. Waliopendekeza hili hawakusudii kumpa mume uhuru. Wanaogopa damu ya mama isije ikarithi. Lakini bila kutaka wamekiri kwamba inawezekana kuoana na mtu wa kasri bila kufutwa daftarini. Kwa hiyo kwa nini mke wa Hisahito afutwe? Kama nyumba ile inaweza kubeba mume mwenye kitambulisho cha kazi, inaweza kubeba mke mwenye nacho. Hakuna mbunge niliyemsikia akiuliza hivyo, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa la mjadala mzima, kuliko hata lile la Aiko.

Matokeo yake yanahesabika kwa vidole. Njia ya pili, ya kuwaasili wanaume kutoka nje, haikwepi kitu: nao watahitaji wake, na wake hao watapita mlango uleule. Oktoba 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliishauri Japani iitazame upya sheria ya urithi, Tokyo ikakasirika, na Januari 2025 ikasema fedha zake za hiari zisipelekwe kwa kamati hiyo. Hasira inaeleweka, hakuna nchi inayopenda kuambiwa habari za nyumbani kwake. Ila msichana wa Kijapani mwenye miaka 19 leo hasubiri kamati ya Geneva. Amekua akimwona Masako kwenye televisheni, ameyasikia kwa mama yake yale ya 2004, na anajua kwamba yeyote atakayemwoa Hisahito atabebeshwa peke yake mzigo wa ukoo unaodai miaka zaidi ya elfu mbili, apate mtoto, awe wa kiume. Masako alikuwa na shemeji wa kuupokea mzigo ule. Huyu hatakuwa na mtu.

Mei 2019, wiki chache baada ya Naruhito kukalia kiti, Donald Trump na mke wake Melania walifika Tokyo wakiwa wageni wa kwanza wa kitaifa wa utawala mpya. Niliiangalia picha ile ya mapokezi mara nyingi. Masako amesimama na mgeni wake, anazungumza, anacheka, na hakuna mkalimani kati yao. Alikuwa na miaka 55. Juni 2024 alirudi Oxford, safari hii akatunukiwa shahada ya heshima, na Novemba 2025 binti yake Aiko, ambaye ameajiriwa Msalaba Mwekundu, alitumwa peke yake Laos kuiwakilisha nchi. Wajapani wengi walimsifu Malkia kwa utulivu wake mbele ya Wamarekani, na magazeti yakaandika kwamba ana kipaji. Kile hakikuwa kipaji kilichochipuka ghafla. Ilikuwa ni kazi yake, ileile aliyoianza Aprili 1987.